Kizibao cha Sekretari

Mtaani kwetu Likoni hakuna aliyewahi kuziona suti za Sekretari. Watu waliona buibui. Saa kumi na mbili na robo asubuhi lilipita mbele ya kibanda changu cha cherehani likielekea kivukoni, na jioni likarudi vile vile, ndara miguuni, kikapu cha ukili mkononi. Ndani ya kikapu mlikuwa na viatu vya kisigino vilivyoviringwa kwa kipande cha leso, ili vumbi la njia ya feri lisiviguse. Ndani ya buibui mlikuwa na kazi yangu. Nilimshonea miaka kumi na mitatu, na miaka yote hiyo kazi yangu bora kabisa ilipita barabarani ikiwa imefunikwa.

Jina lake silitaji, na hata enzi zile halikutajwa sana. Mtu akipiga hodi kwao, mamake mwenyewe alijibu kutoka ndani: "Sekretari hajarudi." Alikuwa na mama huyo tu nyumbani, na mama alikuwa na yeye tu.

Kazi yake ilikuwa ng'ambo, kisiwani, katika ofisi ya mawakala wa meli. Siku yake ya kwanza kuja kwangu hakuniuliza mitindo wala hakufungua majarida yangu ya nguo. Alisimama katikati ya kibanda akaniambia:

"Siku ya meli, fundi, mimi sikai. Nasimama, nainama kwenye makabati, napanda ngazi, nakimbilia simu, tena wageni wamejaa na makaratasi yao. Nataka saa kumi jioni nionekane kama saa mbili asubuhi. Wajua kushona nguo ya saa kumi?"

Nikasema najua. Nilikuwa sijui. Mimi nilizoea gauni za harusi, nguo za kuvaliwa saa mbili na kupigwa picha, ambazo zikifumuka baada ya hapo ni shauri la mwenyewe. Yeye ndiye aliyenifunza kwamba kuna nguo ya kufanyia kazi, na kwamba hiyo ndiyo ngumu.

Bitana iwe ya pamba, kwa sababu nailoni hushika jasho na jasho likishikwa hutoa harufu mkutanoni. Mkono wa koti uishie inchi moja juu ya kifundo, usije ukaburura juu ya kaboni ya taipu. Mfuko mmoja wa ndani, upande wa kushoto, wa kutosha penseli na hakuna zaidi. Sketi iachwe mkunjo nyuma wa kumwezesha kupanda mteremko wa feri maji yakiwa yamekupwa, maana hapo njia husimama na mwenye sketi ya kubana hutembea kama aliyefungwa miguu. Vifungo vishonwe kwa uzi uliopitishwa kwenye nta ya mshumaa. Rangi zake zilikuwa tatu: buluu iliyoiva, kijivu, na damu ya mzee, hii ya mwisho akiiweka kwa siku wakurugenzi wanapokutana. Nyeusi hakuivaa ofisini. Nyeusi, alisema, anayo ya kuvukia.

Alikuwa mtu mgumu, nisimpambe. Koti la kijivu la kwanza nililomshonea alilivaa, akajitazama kwenye kioo changu chenye ufa, akalivua, akachukua wembe mezani na kulifumua mkono wa kulia mbele ya wateja wengine wawili. "Bega hili na bega lile si ndugu," akasema. Nililia alipoondoka. Kisha nikapima, nikaona kweli yalipishana kwa upana wa uzi. Hasira yangu haikupungua kwa sababu alisema kweli, ilizidi.

Kuna jambo mafundi wote wa Likoni tunalijua, na wateja wetu wanalijua zaidi. Fundi akikwambia njoo Ijumaa, hajakwambia Ijumaa ipi. Mimi nilikuwa bingwa wa Ijumaa hizo. Lakini kwa Sekretari, Ijumaa ilikuwa Ijumaa. Sikumchelewesha hata mara moja, na wanawake wengine walilalamika kwamba namwogopa. Nilimwogopa, ndiyo. Na nilifurahi pia kuwa na mtu mmoja duniani ambaye kwake ahadi yangu ilikuwa na maana.

Mtu huyo huyo mgumu alikuwa na udhaifu wa viazi karai. Jumamosi alasiri, akija kujaribu nguo, alivinunua kwa mama wa kona na kuvila palepale kwangu, amesimama, amejifunga taulo langu shingoni kama mtoto, ukwaju ukimtiririka vidoleni, huku suti ya Jumatatu ikimngoja kwenye msumari. Alicheka sana akila. Alimwigiza meneja wake anavyotafuta miwani iliyo juu ya kichwa chake. Nikimtazama hivyo nilimpenda, sioni haya kusema.

Na ni akiwa hivyo, taulo shingoni, aliponiambia habari za karani wa mafaili.

"Tumemtoa," akasema.

"Amekosa nini?"

"Hakukosa. Amekonda. Shati lamning'inia, wageni wamuona, wauliza. Meneja akasema bora akapumzike kwao. Barua nimeipiga mimi, mistari saba, safi kabisa."

"Lakini dada, mtu mgonjwa."

"Ofisi si wodi, fundi."

Akachovya kiazi kingine kwenye ukwaju. Miaka ile mtu akikonda, watu hawakuuliza anaumwa nini. Walijijibu wenyewe, kisha wakakiweka mbali kikombe alichonywea. Nilijua hayo kama alivyojua yeye. Siku ile lakini nilimchukia kidogo, na taulo nililifua kwa nguvu kuliko lilivyohitaji.

Sasa nieleze daftari. Fundi ana daftari la vipimo, na langu lilikaa mezani wazi, kila anayengoja zamu yake alilipekua kuona kiuno cha nani kimefika inchi ngapi. Ukurasa wa Sekretari ulikuwa maarufu. Kiuno inchi thelathini na moja, na hakijabadilika tangu siku ya kwanza. Nilimpima upya kila baada ya miezi sita, kwa amri yake mwenyewe, na kila mara alingoja niseme "thelathini na moja" ndipo atabasamu.

Jumamosi moja, kama miaka miwili baada ya karani wa mafaili, futi yangu ikasoma ishirini na nane. Nikadhani nimeishika vibaya. Nikaipitisha tena. Nikanyoosha mkono kuchukua penseli, naye akanishika kifundo.

"Usiandike."

Nikamtazama. Uso wake ulikuwa ule ule, wanja ule ule. Lakini nilipomtazama shingo niliona mifupa ambayo buibui lilikuwa likinificha mimi pia.

"Wacha vya zamani," akasema. "Na ushone kwa vya zamani."

"Koti litakuning'inia, dada."

"Basi nipe mwili wa kulijaza."

Aliketi kwenye stuli, jambo ambalo hakulifanya kamwe kibandani mwangu. Akaniambia polepole, bila kuniangalia: "Nikionekana, barua inayofuata ni yangu. Na mimi nikikaa ndani kule na mama, fundi, wallahi simalizi mwezi. Kazi ndiyo inayoniamsha. Asubuhi naamka nimekwisha, nikianza kuvaa nguo narudi mtu. Wanielewa?"

Nikasema namwelewa. Sikumuuliza ni ugonjwa gani, naye hakuniambia, na hadi leo sijui. Alikwenda hospitali za mbali asikojulikana, akarudi na vidonge kwenye bahasha za kaki, akavimeza kwa chai yangu.

Nikamshonea kizibao. Nilikata bafta mikunjo miwili, katikati nikatandaza pamba niliyoichambua kwa mkono, nikaipiga bandi kwa mistari ya karibu karibu isije ikashuka. Bafta ndiyo kitambaa chepesi kuliko vyote dukani. Ndiyo tunayokatia sanda vilevile, na nilijua hivyo nikiikata, nikajilazimisha kufikiria mambo mengine. Kizibao kilivaliwa mwilini, chini ya blauzi, na kufungwa ubavuni kwa kamba. Kiunoni kwenye sketi nikaongeza bitana ya pili. Mtindo wa miaka ile nao ulitusaidia, maana mabega makubwa yalikuwa ndiyo fasheni, na pedi mbili za sponji kila upande hazikumshangaza mtu.

Jumatatu ile alipita mbele ya kibanda, akasimama, akaufunua upande wa buibui kidogo tu, nikaiona buluu iliyoiva imekaa kifuani kama ilivyokaa miaka yote. Akaenda zake.

Hivyo tukaishi miaka miwili. Kila alipopungua yeye, niliongeza kizibao. Pamba ya safu moja ikawa mbili, mbili zikawa tatu, na daftari likaendelea kusema thelathini na moja. Wanawake waliopekua walisema, huyo Sekretari mwili wake haubadiliki, ana dawa gani. Nami, Mungu anisamehe, nilijivuna. Nilikuwa nimefika mahali ambapo hakuna fundi pwani hii angeweza kunifikia. Nilijivuna hadi nikasahau kwamba ninachokijaza pamba ni mtu anayekwisha.

Ofisini walisema nini? Hawakusema kitu. Meneja alimwambia mara moja kwamba amechoka usoni, akamjibu ni macho, taipu inamuumiza. Akanunua miwani. Hata hivyo hakuacha ukaguzi wake. Aliniambia msichana mpya wa mapokezi amevaa blauzi iliyobadilika rangi kwapani naye amemrudisha nyumbani kubadilisha. Alikuwa mgonjwa na bado mkali, na sikuona ajabu.

Kosa lilikuwa langu, na nataka liandikwe hivyo.

Alianza kulalamika kwamba asubuhi zinamshinda. Kizibao, kamba za ubavuni, blauzi, bitana mbili, koti, buibui. Mikono yake ilikuwa inatetemeka na kufunga kamba peke yake kulimchukua nusu saa, mamake haoni vizuri. Siku ya meli aliamka saa tisa za usiku ili avae. Nikamwambia, dada, mbona rahisi. Nitakishona kizibao ndani ya koti kiwe kitu kimoja. Utavaa blauzi, utatia koti, umekwisha.

Akafikiri. "Na nikilivua koti?"

"Wewe ulilivua lini koti ofisini?"

Akacheka. Ilikuwa kweli, hakuwahi. Nikazishona suti zote tatu hivyo, na Jumatatu ya kwanza alinishukuru, akasema amelala mpaka saa kumi na moja.

Mwezi wa tatu ulikuwa na joto la kuchoma. Meli mbili zikaingia siku moja, nayo ilikuwa siku ya wakurugenzi kukutana. Yaliyotokea nilielezwa na tarishi wa ofisi yao, mzee wa mtaa wa Shika Adabu aliyevuka naye feri miaka mingi. Alisema Sekretari alikuwa amesimama tangu saa moja, ofisi imejaa watu, akapanda ngazi mara ya tatu na faili, akaanguka kwenye ngazi ya mwisho. Watu wakamkimbilia. Mmoja akasema mpeni hewa. Wakamfungua vifungo, vile vya uzi wa nta, wakalivua koti.

"Likatoka na mwili wote," tarishi akaniambia. Alikuwa analia na hakujifuta. "Koti limekaa sakafuni lasimama lenyewe, bibi, na yeye amelala pembeni na blauzi kama ya mtoto kwenye kamba ya kuanikia. Watu wakarudi nyuma. Yule msichana wa mapokezi akapiga kelele."

Kama kizibao kingekuwa mwilini, chini ya blauzi, kilivyokuwa mwanzo, wangevua koti wakampepea, wakampa maji, akasema ni joto. Kesho yake angerudi kazini. Nimeipindua hesabu hiyo kila upande na jibu ni lile lile.

Wakampakia kwenye gari la ofisi, wakavuka naye. Katika ile haraka, buibui lilibaki limetundikwa nyuma ya mlango wa stoo alikolitundika kila asubuhi. Gari lilisimama mbele ya kwao saa nane mchana, watu wanatoka msikitini, na hapo ndipo Likoni ilipomwona Sekretari bila buibui kwa mara ya kwanza. Alishuka na sketi ya damu ya mzee ameishika kwa mkono isimwanguke. Hakuinamisha kichwa. Alitembea hatua zile kumi mpaka mlangoni kama anaitwa na meneja. Nyuma yake tarishi alibeba koti kwenye mfuko wa nailoni, na mfuko ulikuwa umejaa.

Barua ilikuja wiki ile ile. Buibui nalo lilikuja, limekunjwa, ndani ya bahasha ya ofisi.

Sikwenda kumwona. Nilijiambia ana aibu na mimi, nimwache. Ukweli ni kwamba watu walishajua koti lile ni la fundi gani. Wateja wawili walikuja na futi zao wenyewe mkobani, wakaniomba niwapimie hizo. Mwingine aliniuliza kama sindano ninazichemsha. Kibanda kilikuwa riziki yangu, nikaogopa. Mwezi ukapita, na wa pili, ndipo mamake akaja akipapasa ukuta mpaka mlangoni pangu.

"Sekretari akuita," akasema. "Akwambia uje na daftari."

Nilimkuta kitandani ameegemezwa mito. Suti tatu zilitundikwa ukutani, na kwa vile zilikuwa na pamba ndani zilikaa zimejaa, kana kwamba wanawake watatu wenye afya wamesimama wakimwangalia. Nikaanza kusema nisamehe, akaninyamazisha kwa kidole.

"Wamenipigia mistari minne," akasema. "Na pambizo imekwenda upande. Yule msichana wa mapokezi ndiye aliyeipiga, namjua mkono wake." Akapumzika. "Yule karani wa mafaili, fundi. Nilimpigia saba nikaona nimemheshimu. Hata sikumuuliza ana watoto wangapi."

Nikalifungua daftari kwenye ukurasa wake.

"Nataka gauni," akasema. "La kukaa nyumbani. La kunienea mimi. Nimechoka kuogelea. Nipime."

Tukamwinua, mimi na mamake. Nikaipitisha futi kiunoni. Nikasema, "Ishirini na nne."

"Isome tena."

"Ishirini na nne, dada."

"Fundi. Hiyo nimekufunza mimi kuisoma. Umeongeza."

Ilikuwa ishirini na mbili. Akangoja niiseme kwa mdomo, kisha akangoja niiandike. Akaomba daftari alione. Akasoma mstari mpya chini ya ule wa thelathini na moja, akatikisa kichwa kama anavyopitisha barua iliyo sawa.

"Lini?" akauliza.

"Ijumaa."

Nilikata kitambaa siku ile ile, kitenge laini cha kijani, rangi ambayo hakuwahi kuivaa. Kisha nikakiweka chini ya rundo. Wateja walikuwa wameanza kurudi mmoja mmoja, na sikutaka wanikute ninashona gauni la ukubwa ule na waulize la nani. Nilishona kibanda kikiwa kitupu tu, mshono leo, mshono kesho kutwa. Ijumaa ikapita. Nikajiambia ataelewa, mafundi ndivyo tulivyo. Ijumaa ya pili ikapita.

Nilipompelekea, mamake alinifungulia. Tukamvisha tukiwa wawili, na haikuwa kazi, mikono yake ilikwenda tulikoipeleka. Gauni lilikuwa kubwa. Lilimshuka begani upande mmoja, na kiunoni ningeweza kuingiza mkono wangu wote pamoja na ngumi.

Akajitazama. Kisha akanitazama mimi.

"Ijumaa gani hii, fundi?"

"Ya tatu," nikasema.

Nikatoa pini nilizochomeka kifuani mwangu, nikaanza kukusanya kitambaa nyuma, upande usioonekana. Nikamwambia nalibana sasa hivi, dakika mbili, nitalirudisha jioni limekuenea. Akanishika kifundo cha mkono, kama siku ile ya penseli, ila sasa sikuhisi uzito wowote.

"Liache," akasema. "Siendi kazini."

Nikazirudisha pini kifuani moja moja. Nikaketi naye hadi adhana ya adhuhuri, suti zikiwa ukutani.